Lubumbashi hadi Kinshasa kwa ndege: kilomita, muda wa safari, na saa mbili za nchi moja

Haya ni maswali ninayoulizwa tangu nianze kukaa kwenye dirisha la tiketi hapa Lubumbashi. Mengine huja kila siku, mengine mara moja kwa mwezi. Nimeanza na yale ambayo kila mtu anaanza nayo. Saa zote nimeziandika kama zinavyoandikwa kwenye tiketi, 10:00 au 14:00, na sababu yake iko kwenye swali la 8.

## Namba zenyewe

1. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita ngapi kwa ndege?

Kama kilomita 1,553, kutoka uwanja wa Luano hadi uwanja wa N'djili, ukipima njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Marubani wanapima kwa maili za baharini, na kwao ni karibu 838, kwa kuwa maili moja ya baharini ni km 1.852.

Kwenye tiketi viwanja vinaandikwa kwa herufi tatu: Luano ni FBM, N'djili ni FIH. Ukiona herufi nyingine baada ya FIH au kabla yake, uliza kabla hujalipa. Tazama swali la 15 na la 17.

2. Safari inachukua muda gani?

Saa mbili na robo hadi saa mbili na nusu kwa ndege ya jeti inayokwenda moja kwa moja.

Hesabu yake si siri. Jeti kama Airbus A320 au Boeing 737 ikishafika juu inakwenda karibu km 830 kwa saa. Gawa 1,553 kwa 830, unapata saa moja na dakika 52. Lakini ndege haianzi safari kwa mwendo huo. Inatambaa kutoka maegesho hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, inapanda polepole, na mwishoni inapunguza mwendo, inapanga foleni, inatua na kutambaa tena. Ongeza nusu saa kwa hayo yote, unafika kwenye saa mbili na dakika ishirini na kitu. Muda huo ndio ulioandikwa kwenye tiketi, tangu ndege inapoachia maegesho ya Luano hadi inaposimama N'djili.

Ndiyo maana abiria wawili waliokaa pamoja wanaweza kubishana mpaka kesho. Aliyetazama saa magurudumu yalipoacha ardhi atasema saa mbili kasoro. Aliyetazama mlango ulipofungwa atasema saa mbili na nusu. Wote wamesema kweli.

3. Kwa nini simu yangu inasema 1,570 na wewe unasema 1,553?

Kwa sababu simu imepima mji kwa mji. Katikati ya Lubumbashi hadi Gombe, katikati ya Kinshasa, ni karibu km 1,570. Luano hadi N'djili ni 1,553. Viwanja vyote viwili viko nje ya katikati ya mji, na N'djili imesogea kidogo kuelekea upande wetu.

Ukikuta tofauti ya kilomita mbili tatu tu, hiyo ni ya wanahesabu. Kuna wanaochukua dunia kama mpira kamili, na kuna wanaokumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Kwa abiria haina maana yoyote.

4. Na kwa barabara?

Zaidi ya km 2,000, kwa Barabara ya Taifa namba 1 inayopita Likasi, Mbuji-Mayi, Kananga na Kikwit. Wakati wa mvua usiniulize siku ngapi. Kuna pia ile njia ya wazee, treni kutoka Lubumbashi hadi Ilebo kisha mashua kwenye mto Kasai hadi Kinshasa. Wanaoitaja siku hizi dirishani kwangu ni wenye mizigo mizito, au wenye hadithi za babu zao.

## Saa ya Lushi (Lubumbashi) na saa ya Kin (Kinshasa)

5. Niliondoka 10:00, nikafika 11:20. Ndege imeruka saa moja tu?

Hapana. Imeruka saa mbili na dakika 20 kama siku zote. Kongo ina saa mbili: Lubumbashi, Kasai na Kivu ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia ya UTC, na Kinshasa pamoja na upande wa magharibi ziko saa moja mbele yake. Unapoondoka Luano ni 10:00. Unapofika, saa ya mkono wako ni 12:20, lakini kwenye ukuta wa N'djili ni 11:20.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali pale. Ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofika. Hakuna kampuni inayoandika vinginevyo, na hakuna tiketi inayokueleza hivyo kwa herufi kubwa.

Mama mmoja wa Katuba alinijia na kikaratasi. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *kwenda, saa moja na dakika ishirini, kurudi, saa tatu na dakika ishirini.* Akakisukuma chini ya kioo, akaniuliza: "Papa, ndeke ya kwenda iko mbio kupita ya kurudia?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, kosa lilikuwa la saa. Tulichora mistari miwili nyuma ya kile kikaratasi, mmoja Lushi, mmoja Kin, tukasogeza kidole. Alipoelewa, alidai tiketi ya kurudi iwe na bei ndogo kwa kuwa anapoteza saa moja.

6. Kwa hiyo kurudi Lubumbashi ni vipi?

Ni kinyume. Ukiondoka N'djili 14:00, unaongeza saa mbili na dakika 20 za hewani, halafu unaongeza saa moja ya tofauti. Unafika Luano 17:20.

Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, niliisahau ile saa moja ya tofauti. Nilimchukua baba mdogo twende kumpokea shangazi, nikamhakikishia kwamba 16:20 tutakuwa naye. Tulikaa Luano saa nzima tunatazama mlango. Baba mdogo hakusema neno, aliniuliza tu kama kweli mimi ndiye ninayewauzia watu tiketi.

7. Simu itabadilika yenyewe?

Mara nyingi ndiyo, ikipata mtandao wa simu wa mji uliofika. Lakini ukitua ukiwa umezima mtandao wa simu, au kama mipangilio yako haifuati mtandao, itabaki na saa uliyotoka nayo. Ingia kwenye mipangilio ya saa. Kwenye simu nyingi utakuta majina mawili ya nchi yetu, Kinshasa na Lubumbashi. Chagua la mji uliopo.

Hakuna msimu wa kubadilisha saa hapa kama ule wa Ulaya. Tofauti ya Lushi na Kin ni saa moja, Januari hadi Desemba.

8. Kwa nini unaandika 10:00 na si saa nne?

Kwa sababu saa za mdomo zinatuchanganya kuliko saa za ukuta. Wengi wetu hapa tunataja saa kwa Kifaransa, halafu mtu akiigeuza neno kwa neno anasema "saa kumi" akimaanisha 10:00. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam au Mombasa akisikia saa kumi, atakuja 16:00, na ndege itakuwa imeshatua Kinshasa zamani. Kwake 10:00 ni saa nne asubuhi.

Ukimtumia mtu ujumbe kuhusu ndege, andika tarakimu na mji: "10:00 ya Lushi". Ukisema kwa mdomo, ongeza asubuhi au alasiri. Neno moja tu, linaokoa tiketi.

9. Ni kweli jua linachelewa kuzama ukiwa unaelekea Kinshasa?

Kweli. Kinshasa iko nyuzi 12 hivi magharibi mwa Lubumbashi, na jua linachukua dakika nne kupita kila uzi mmoja. Hiyo ni dakika 48. Ukiondoka alasiri unalifukuza jua, na machweo yanakaa dirishani kwa muda mrefu usio wa kawaida. Ukirudi jioni giza linakujia mbele kwa haraka. Watoto wanaliona hili kabla ya wazazi.

## Kwa nini muda haulingani kila siku

10. Juzi dakika mia na thelathini, jana mia na sitini. Ni ndege ileile. Imekuwaje?

Mara nyingi jibu liko chini, si juu. Foleni ya kuruka, kusubiri ruhusa, kuzunguka kabla ya kutua kwa sababu kuna mwingine mbele. Hayo ndiyo yanayokula dakika.

Upepo una sehemu yake, lakini ndogo. Kati ya Ulaya na Marekani kuna mikondo ya upepo mkali huko juu ambayo inaweza kurefusha safari kwa saa nzima upande mmoja. Hapa tuko karibu na ikweta, na upepo wa juu kwa kawaida ni mpole. Unaweza kukupa au kukunyima dakika chache.

11. Mvua ina shida gani kama ndege inapita juu ya mawingu?

Haipiti juu ya yote. Jeti inaruka mita 10,000 hadi 12,000 juu. Wingu la radi katika bonde la Kongo linaweza kupanda mpaka zaidi ya mita 15,000. Hakuna rubani wa abiria anayejaribu kuliruka. Analizunguka, wakati mwingine kwa makumi ya kilomita kushoto au kulia, na baada ya hilo kuna jingine. Bonde letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

Tazama pia kalenda. Kwetu Lubumbashi mvua inaanza karibu Oktoba au Novemba na kukoma karibu Aprili. Kinshasa ukame wao ni mfupi, Juni hadi Septemba. Kwa hiyo Mei unaweza kuondoka Luano kwenye anga safi isiyo na hata unyoya wa wingu, ukakuta N'djili kumefunga. Abiria wanakasirika: "Mbona hali ya hewa ni nzuri?" Nzuri wapi?

Julai ni mwezi wa raha kwa safari hii. Ndege ya mapema asubuhi pia, kwa sababu mawingu mengi ya radi yanakomaa alasiri.

12. Aina ya ndege inabadilisha nini?

Kati ya A320 na 737, karibu hakuna. Usipoteze muda kuchagua kwa ajili ya mwendo.

Ndege ya panga (propela) ndiyo tofauti. Kwa mfano ile ya Dash 8 Q400 inakwenda kama km 650 kwa saa. Gawa mwenyewe: saa mbili na dakika 23, ongeza ile nusu saa, unakaribia saa tatu. Nyingi za aina hiyo zinatumika kwa miji ya karibu zaidi, lakini siku jeti ikiharibika lolote linaweza kuletwa. Ukiona saa ya kufika imesogea dakika 30 kwenye ujumbe wa kampuni na saa ya kuondoka haikuguswa, huenda wamebadilisha ndege.

13. Kwa nini ndege inakimbia sana Luano kabla ya kupaa?

Umeona vizuri. Luano iko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu 12% kuliko ya pwani. Mabawa na injini zote mbili zinaishi kwa hewa, hivyo ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ndipo inyanyuke. Joto linaifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Oktoba, 14:00, na ndege imejaa, utahisi barabara haitaki kwisha. Inaisha baada ya mita 3,203, na hiyo inatosha.

N'djili iko chini, mita 313 tu, na barabara yake ni mita 4,700, mojawapo ya ndefu zaidi Afrika. Huko kupaa kunaonekana kama mchezo.

14. Niliona ndege nyingine ikipita karibu kabisa dirishani. Tulikuwa hatarini?

Inaonekana karibu kwa sababu hewani hakuna mti wala nyumba ya kupimia. Njia ya anga ina ghorofa. Ndege zinazoelekea upande wa magharibi hupewa ghorofa za shufwa, futi 34,000 au 36,000, na zinazoelekea mashariki ghorofa za witiri, 35,000 au 37,000. Wewe unayekwenda Kin na jirani yako anayerudi Lushi mnapishana kwa tofauti ya futi 1,000, yaani mita 300 hivi, kwa makusudi. Kila mmoja anakwenda zaidi ya km 800 kwa saa, kwa hiyo ukimwita wa kiti cha pembeni atazame, imeshapita.

## Kupanga siku yako

15. Kuna ndege inayopitia Kananga kwa bei nafuu. Inarefusha safari kwa kiasi gani?

Kwa kilomita, kidogo sana. Lubumbashi hadi Kananga ni karibu km 842, na Kananga hadi Kinshasa karibu 796. Jumla 1,638, nyongeza ya km 85, ambazo jeti inazimaliza kwa dakika sita. Ukipitia Mbuji-Mayi ni karibu 748 na 920, jumla 1,668.

Kwa muda ni habari nyingine. Unashuka mara mbili na kupanda mara mbili, kwa hiyo ile nusu saa ya swali la 2 unailipa tena. Halafu kuna kukaa chini: watu washuke, mizigo itafutwe, mafuta, wengine wapande, mmoja hajaonekana. Dakika 45 ni bahati. Kwa jumla hesabu saa tatu na nusu hadi nne. Mimi namwambia mteja: kama bei imepungua kwa kitu cha maana na huna mkutano siku hiyo, nenda. Kama una kikao, lipa ya moja kwa moja.

16. Nimwambie ndugu yangu aje N'djili saa ngapi?

Chukua saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi, ambayo tayari ni saa ya Kin (swali la 5). Ongeza dakika 45 za kushuka na kungoja mizigo. Hapo ndipo atakuona mlangoni.

Kutoka hapo hadi Gombe ni kama km 25 kwa Boulevard Lumumba, na km 25 hizo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuvuka Kasai yote. Ukifika 11:20 usipange kikao cha 12:00 mjini. Nimewaona wanaopanga hivyo, wakidhani wamebana muda kwa akili kwa sababu "tumepata saa moja ya bure". Saa hiyo moja inaishia kwenye msongamano wa Masina.

Upande wa Luano ni rahisi zaidi, uwanja uko nje kidogo tu ya mji. Hata hivyo fika saa mbili kabla. Si kwa ajili ya barabara, ni kwa ajili ya mizani, karatasi, na Go-Pass, ule ushuru wa uwanja, kama haimo tayari ndani ya tiketi yako.

Na kama unaunganisha na ndege ya Ulaya, nyingi zinaondoka Kinshasa jioni au usiku. Chukua ndege ya asubuhi kutoka Lubumbashi, si ya alasiri. Ikiwa ni tiketi mbili tofauti, hakuna atakayekungoja ya kwanza ikichelewa, na mizigo utaichukua mwenyewe na kuisajili upya. Wapo wanaokwenda siku moja kabla na kulala kwa ndugu. Siwacheki.

## Majina na njia zinazochanganya

17. N'djili, N'dolo, Ndola: ni uwanja mmoja?

Ni vitatu, na herufi zao zinacheza na macho. N'djili ni FIH, uwanja mkubwa wa Kinshasa. N'dolo ni NLO, uwanja mdogo ndani ya Kinshasa hiyohiyo, upande wa Barumbu, wa ndege ndogo. Ndola ni NLA, na uko Zambia, kama km 200 tu kutoka Luano.

Anayekosea kati ya NLO na NLA kwenye kisanduku cha kutafutia tiketi amejipeleka nchi nyingine. Soma jina la mji, usisome herufi peke yake.

18. Nikijipimia mwenyewe umbali wa viwanja vingine, nifanyeje?

Tafuta umbali wa moja kwa moja kati ya viwanja, gawa kwa 830, ongeza nusu saa. Mwisho kabisa ongeza au toa tofauti ya saa. Usichanganye mpangilio huo. Wanaokosea wengi wanaanza na saa za tiketi, wanatoa moja kwa nyingine, na kuishia kwenye kikaratasi cha yule mama wa Katuba.

Tujaribu Addis Ababa. Kutoka Luano ni karibu km 2,600. Gawa kwa 830, ni saa tatu na dakika nane. Ongeza nusu saa, saa tatu na dakika 38. Addis iko saa moja mbele yetu, kwa hiyo ukiondoka 14:00 utafika karibu 18:40 kwa saa yao. Johannesburg ni kama km 1,600, karibu saa mbili na nusu, na saa yao ni sawa na yetu, hakuna cha kuongeza.

Kanuni hii inaharibika kwenye safari fupi. Kolwezi ni km 240 hivi, na ndege haipati nafasi ya kupanda juu na kukimbia. Inapanda, inashuka, basi.

19. Kweli Nairobi iko karibu nasi kuliko Kinshasa?

Kidogo, ndiyo. Luano hadi Nairobi ni karibu km 1,543, pungufu ya Kinshasa kwa km kumi. Dar es Salaam ni karibu zaidi, km 1,384 hivi. Na Lusaka ni km 430 tu. Watu wa Kinshasa hawapendi kusikia hilo, lakini ukichukua bikari ukaisimika Lubumbashi na kuzungusha duara linalopita mji mkuu wetu, duara hilo linameza Dar na Nairobi.

Na saa? Nairobi na Dar ziko saa moja mbele yetu, Kinshasa saa moja nyuma. Sisi tuko katikati.

20. Ndege ya Kinshasa ikashindwa kutua, inakwenda wapi?

Kwa kawaida ndege inaondoka ikiwa imeshapangiwa uwanja wa akiba, na mafuta ya kufika huko, na juu yake mafuta ya dakika 30 za kuzunguka kwa jeti. Rubani haanzi kutafuta pa kutua akiwa hewani.

Kwa N'djili, uwanja wa karibu ni Maya-Maya wa Brazzaville, ng'ambo ya mto, km 26 hivi kwa ndege. Karibu mno wakati mwingine: dhoruba moja inaweza kufunika vyote viwili, na hapo wanachagua wa mbali. Ukiletwa Brazzaville kwa njia hiyo, kwa kawaida mnakaa ndani ya ndege mpaka anga ifunguke. Chaji simu yako kabla ya kuondoka.

21. Na Goma?

Kwa mstari ni karibu km 1,120, jeti ingeimaliza kwa chini ya saa mbili, na saa ya Goma ni sawa na yetu. Lakini safari za abiria za uwanja huo zilikatika kwa vita vya Januari 2025. Kwa hiyo umbali wa ramani hausaidii kitu. Mwenye ndugu huko asikubali tiketi ya FBM hadi GOM kutoka kwa mtu wa mtandaoni bila kupiga simu kwa kampuni yenyewe.

22. Ndege inaweza kuchukua zaidi ya saa sita kutoka Kinshasa hadi huku kwetu?

Mteja mmoja, mwalimu wa historia mstaafu, aliniuliza hili akijua jibu. Ndiyo, ilishatokea. Septemba 17, 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ndege ya panga aina ya DC-6 kwenda Ndola kukutana na Moïse Tshombe wa Katanga. Mstari wa moja kwa moja ungepita juu ya Katanga, na Katanga ilikuwa na ndege ya kivita ya Fouga Magister. Basi wakazunguka mbali upande wa mashariki, kuelekea Ziwa Tanganyika, ndipo wakageuka kusini. Walikuwa hewani zaidi ya saa sita. Baada ya 00:00, tayari Septemba 18, ndege ilianguka msituni karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwamo walikufa.

Umbali wa Kinshasa na Ndola ulikuwa uleule wa leo. Njia ndiyo iliyorefushwa, na walioirefusha ni watu.

23. Nikae upande gani wa dirisha?

Swali la mwisho kabla ya kulipa, na mimi nalipenda. Ukiondoka Luano kwenda Kinshasa, mji unabaki upande wa kushoto, pamoja na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kinachozidi kupungua. Ndege ikitua N'djili ikielekea magharibi, kama inavyofanya mara nyingi, mto Kongo unakuwa kulia.

Kushoto kwa bomba, kulia kwa mto. Wanaotoka Lushi kwa mara ya kwanza wananiomba kulia. Wanaorudi likizo Kin baada ya mwaka mmoja huku wananiomba kushoto.